Mlinzi wa Shamba la Felisiani

Theodosia alikuwa akipanda mahindi kwa mara ya pili, na mgongo ulikuwa unamuuma. Alipanda mara ya kwanza mvua zilipoanza. Korongo wakafukua mbegu karibu zote kabla hazijaota. Sasa alikuwa ameinama tena kwenye shamba lao la bondeni, kijijini Titye. Alidondosha punje chache, akazifunika kwa udongo kidogo kwa mguu, akasogea mbele. Ndivyo alivyopanda miaka yote.

Mumewe, Felisiani, alikuwa amechuchumaa katikati ya shamba akifunga kamba.

Kamba ilikuwa mguuni mwa kifaranga wa korongo taji. Korongo taji ni yule ndege mrefu mwenye manyoya ya dhahabu kichwani. Huku wengi humwita umusambi. Kifaranga huyu alikuwa bado hajaota taji, na hajui kuruka. Felisiani alikuwa amemtoa kwenye matete asubuhi ile.

"Huyu ndiye mlinzi," alisema Felisiani. "Wenzake wakimwona, watajua shamba lina mwenyewe. Hawatashuka."

"Nani amekwambia hayo, Baba Moses?" Moses ni mtoto wao wa kwanza, na wao wenyewe huitana kwa jina lake.

"Babu yangu alifuga umusambi. Mgeni akija tu, ndege anapiga kelele."

"Babu yako alimfuga uani. Hakumfunga kwenye mahindi."

"Uani na shambani kuna tofauti gani, Mama Moses?"

Theodosia aliendelea kupanda. Alimjua mumewe. Felisiani ni mchapakazi, hanywi, hagombani na mtu. Lakini akishapata wazo, humtoi humo hata kwa jembe.

Kesho yake walipofika shambani, kifaranga alikuwa akilia. Alilia bila kukoma. Mara korongo wawili wakubwa wakatokea upande wa matete, wakatua karibu naye. Wakamzunguka. Wakavuta kamba kwa midomo. Nyuma yao wakashuka wengine, kundi zima, wakaanza kufukua punje mstari kwa mstari.

Theodosia alikimbia akipiga debe. Korongo waliruka, wakatua ng'ambo ya mfereji, wakangoja. Alipochoka, wakarudi.

Felisiani alikuna kichwa. "Naona mlinzi mmoja hatoshi," alisema. "Nitafute wa pili."

Theodosia aliketi chini, hapo hapo kwenye tope. Alitamani kulia, na alitamani kumpiga mtu kwa debe. Mbegu iliyobaki nyumbani ilikuwa ya kupanda mara moja tu. Ikiliwa na hiyo, mwaka huu hawana mahindi. Watoto watakula nini?

Jioni mambo yakazidi. Alimkuta Felisiani uani, mbegu ya mwisho iko kwenye beseni, na chupa ya dawa ya kuulia wadudu iko mkononi.

"Nachanganya," alisema Felisiani. "Wakila hii, watakoma."

"Na kuku wangu wakila? Na mvua ikishusha sumu mpaka mtoni tunakochota maji?"

"Kuku tutawafungia."

"Mto nao utaufungia?"

Theodosia alibeba beseni kichwani kabla dawa haijamwagwa, akaenda nalo kwa jirani yake, Niyonsaba. Wazazi wa Niyonsaba walitoka Burundi wakiwa wakimbizi. Yeye amekulia hapa, ni raia, na yumo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Theodosia alimweleza yote. Niyonsaba alifunga kitenge vizuri, akachukua simu yake, wakarudi pamoja.

"Baba Moses," alisema Niyonsaba, "wale wawili wanaotangulia kushuka, unajua ni nani?"

"Wezi."

"Ni baba na mama yake. Mtoto anawaita, wanamfuata. Na umusambi wengine wakiona wenzao wametua salama, nao wanashuka. Hujaweka mlinzi. Umeweka mwenyeji wa kuwakaribisha."

Felisiani aliweka chupa ya dawa chini.

"Babu yako alifuga, na babu yangu alifuga," aliendelea Niyonsaba. "Mama anasimulia kwamba kwao Burundi umusambi walikuwa uani kwa kila mwenye mji. Kila mtu alichukua kifaranga bondeni. Lakini aliyefungwa uani hatagi, hapati mwenzake. Umusambi wazee walipokufa, bondeni hakukuwa na vijana wa kushika nafasi yao. Mama anasema ilifika wakati hakusikia sauti yao tena. Huyu ndege anapungua duniani, Baba Moses. Tunamchukua akiwa mtoto, tunamtilia sumu, tunachoma matete anamotagia. Atabaki wapi?"

"Na mimi nitakula nini?" aliuliza Felisiani kwa ukali. "Yeye anapungua, na mahindi yangu je?"

"Hilo ni swali la haki," alisema Niyonsaba. "Tutalijibu. Lakini kwanza mtoto arudi kwao."

Akampigia simu Haidari, afisa wanyamapori. Haidari alifika asubuhi kwa pikipiki, uso umekunjamana.

"Kila mvua zikianza, kazi yangu ni hii," alisema. "Ndugu yangu, kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa kisheria. Kumuua kwa sumu ni kosa pia. Nakuonya, na jina lako nalijua. Kata kamba."

Felisiani alikata. Alimbeba kifaranga mwenyewe mpaka ukingo wa matete, akamweka chini. Wote wakarudi nyuma, wakangoja. Kifaranga akalia. Wale korongo wawili wakaja mbio kwa miguu, wakamweka katikati yao, wakaingia naye kwenye matete. Theodosia alijikuta anafuta machozi, na akakasirika kwamba amelia kwa ajili ya ndege aliyekula mbegu zake.

Kisha wakapanda. Haidari alishika jembe akaonyesha. "Msifunike kwa mguu. Punje ikikaa juu, kila ndege anaiona. Fukieni kina cha upana wa vidole vitatu, mshindilie udongo kidogo, mtandaze nyasi juu. Mlinde mpaka mahindi yawe na majani kadhaa na mizizi imeshika. Baada ya hapo korongo hana shida na mahindi. Anatafuta panzi na wadudu."

"Na matete?" aliuliza Theodosia.

"Yaacheni. Msilime mpaka majini. Hapo ndipo anapotaga."

Niyonsaba aliwapangia majirani zamu. Walipanda mashamba yote ya bonde kwa pamoja, kisha wakalinda kwa pamoja kwa madebe na kelele. Felisiani alilinda kuliko wote. Asubuhi moja alikuja mbio nyumbani kumwita mkewe. Mahindi yalikuwa yameota, mistari imenyooka, karibu bila pengo.

Mwaka ule walivuna wakajaza ghala. Kabla ya mavuno korongo walipita kati ya mahindi wakidonoa panzi, na kifaranga mmoja mrefu alitembea nyuma yao, taji likianza kuchomoza.

Mvua nyingine zilipokaribia, alikuja Nsabimana wa ng'ambo ya mto. Aliwakuta uani wakipukuchua mahindi.

"Baba Moses," alisema, "nasikia uliwahi kuwa na umusambi. Nataka kuweka mmoja wa kulinda shamba. Vifaranga wanapatikana wapi?"

Felisiani aliweka gunzi chini.

"Wewe una mbegu ya kupanda mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja."

"Basi kaa hapo, nikueleze. Hata mtoto mdogo anajua kwamba umusambi hafungwi shambani."

Theodosia alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akachukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua.