Seremala na Injini ya Baba Yake

Siku hiyo mjinga alikuwa seremala, na mwenyewe hakatai. Aliinama chini ya boneti ya pikapu yao na futi yake, akapima urefu, upana na kina. Kisha akachomeka penseli sikioni, akamwambia mkewe, "Inaingia."

"Nini inaingia?"

"Injini kubwa. Ile ya gari lililopinduka, inauzwa. Kesho nauza randa ya umeme, naileta."

Mkewe aliacha kupiga msasa mguu wa kiti. Randa ile ndiyo iliyowalisha. Lakini pikapu waliyoachiwa na baba yake seremala ilikuwa imewaaibisha. Juzi ilishindwa mlima ikiwa na kitanda kimoja tu, mteja akiwachungulia dirishani.

"Nani kakushauri?"

"Jirani dereva wa teksi. Anasema dawa ya mlima ni injini kubwa."

"Basi kabla hujauza, tumwite shangazi yako."

Shangazi alikuwa fundi wa mabasi hadi alipostaafu. Alikuja na mkoba wa spana na mdomo usio na breki. Alisikiliza vipimo, akacheka.

"Mwanangu, umepima kama kabati. Injini haiingii tu ikakaa. Inataka pa kushikiliwa, giaboksi inayoendana nayo, rejeta ya kuipoza. Na breki hizi je? Ukiongeza nguvu kwenye gari lisilosimama, umejichongea jeneza. Afadhali mbao unazo."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza tumuulize mgonjwa."

Alifungua plagi zote za injini. Akawa anafunga geji ya kupimia msukumo kwenye tundu moja baada ya jingine, seremala akipiga stata. Kila mara mshale ulipanda, karibu sawasawa.

"Kila silinda ni pampu," alieleza. "Ikivuja, mshale unalala. Hizi zote zinasukuma vizuri. Injini ni nzima. Sasa mbona haina pumzi?"

Akatoa chujio la hewa, akaligonga chini. Vumbi la mbao likamwagika, kikombe kizima. Wote watatu wakatazama rundo lile. Miaka yote pikapu ililala kando ya msumeno.

"Unailaza karakana, unailisha mbao," shangazi alisema. "Wewe ungepanda mlima na kitambaa puani?"

Kisha akaondoa kifuniko cha juu cha injini ili arekebishe valvu, vile vimilango vya kupitishia hewa. "Shika spana hii. Izungushe injini polepole."

Seremala akazungusha. Vidole vya chuma vikainama na kuinuka, kimoja baada ya kingine, na hakuna kilichomgonga mwenzake. Mafuta yaling'aa juu yake kama asali. Maisha yake yote alikuwa anaunga viungo ili vikae tuli. Hivi vilipokezana zamu. Akazungusha tena. Na tena.

"Baba alinipeleka shule na kitu hiki," alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua ndani kuna haya."

Safari hii shangazi hakutania. "Nimefungua mabasi mpaka nikazeeka, mwanangu. Bado huwa nasimama nikatazama."

Wakapanga kazi. Breki kwanza. Kisha kusafisha rejeta. Mwisho plagi, chujio na mafuta mapya. Viti vilipouzwa, hatua moja ililipiwa, na ya pili ilisubiri viti vingine. Pikapu ikahamishiwa nyuma ya nyumba, mbali na msumeno.

Siku ya majaribio walipakia kitanda na kabati lake. Mlimani pikapu haikukimbia, lakini haikusita. Walipofika juu, seremala alizima, akashuka, akaweka kiganja kwenye boneti yenye joto. Alisimama hivyo kama mgeni kwenye nyumba ya ibada.

Dereva wa teksi alikuwa ameegesha hapo hapo.

"Sawa, mmepanda," alisema. "Lakini injini kubwa ingepanda haraka zaidi."

Mke wa seremala alikuwa akifungua kamba ya kitanda. Hakugeuka.

"Haraka sana, jirani. Lakini randa ingekuwa imeshauzwa, na bila randa ingebeba kitanda gani?"