Spana Inayoenea

Mke wa seremala alikuwa anaisukuma pikipiki yao ndogo kutoka uani alipoona kitu. Tairi la mbele halikwenda sawa. Lilisogea kushoto, karibu liguse chuma kinacholishika, kisha likarudi katikati. Likasogea tena.

Pikipiki hiyo ilimpeleka binti yao chekechea kila asubuhi, kwenye mteremko mkali. Mtoto alikuwa na mdomo usiopumzika, ndiyo maana walimwita Chiriku.

"Baba Chiriku, tairi linayumba," mke alisema kwa sauti ndogo.

"Spoku zimelegea tu. Lete nizikaze."

Spoku ni zile fito nyembamba za chuma zinazounganisha rimu na kitovu cha gurudumu. Seremala alileta spana ya spoku za baiskeli. Mdomo wake ulikuwa mdogo, haukuingia. Akachukua koleo. Akakaza spoku moja baada ya nyingine mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kwake yeye, kitu kikikazwa kimepona. Meza zake zote ndivyo zilivyo.

"Haya, nenda. Hata ng'ombe unaweza kumpakia."

Mkewe akalizungusha gurudumu. Liliyumba kuliko mwanzo. Lakini hakuzoea kubishana. Akaisukuma pikipiki kwa miguu, Chiriku kando yake, mpaka kwa jirani yao fundi wa pikipiki, waliyemwita Dada Grisi. Seremala akawafuata nyuma akicheka.

"Shangazi," Chiriku alianza kabla hawajafika, "baba amelikaza gurudumu, limekataa."

Dada Grisi aliutazama mkono wa seremala ulioshika koleo. Akalivua tairi, akautoa mpira wa ndani, kisha akainama.

"Shemeji, tia kidole hapa. Polepole."

Seremala akatia kidole ndani ya rimu, akakirudisha haraka kama aliyegusa moto. Ncha ya spoku ilikuwa imepenya kwa kukazwa mno. Dada Grisi akauinua mpira. Palikuwa na kovu jembamba, limebaki kidogo tu kutoboka.

"Ungepasuka katikati ya mteremko," alisema.

Mke wa seremala alimvuta mtoto, akamshika mabega. Kisha akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Mimi nilikuwa nasaidia," seremala alisema.

"Najua, shemeji. Lakini hiki si kitanda. Spoku za kulia huvuta rimu kulia, za kushoto huvuta kushoto. Ukikaza zote ovyo, zinagombana."

Akamwonyesha spana ya spoku za pikipiki. "Spana lazima ienee. Isicheze, isilazimishwe. Ona, koleo lako limekula pembe za hivi vichwa vitano vya spoku."

Akabadilisha vichwa vilivyoharibika na kusaga kwa tupa ncha zilizochomoza. Akairudisha rimu kwenye pikipiki bila tairi, akashika chaki karibu nayo, akaizungusha. Pale rimu ilipoyumbia kushoto, chaki iliacha alama.

"Hapa nalegeza za kushoto kidogo, nakaza za kulia kidogo. Robo ya mzunguko, si zaidi. Kisha nazungusha tena, natazama."

Ilichukua saa nzima. Mwishowe rimu ilizunguka bila kuyumba hata unywele. Tairi likarudishwa, likajazwa upepo. Mke wa seremala alipanda peke yake kwanza, akateremka mpaka chini na kurudi. Usukani ulitulia mikononi mwake.

Seremala akaichukua ile spana. "Basi nitanunua spana kama hii," alisema. "Nitakuwa nalinyoosha mwenyewe."

"Hapana," mkewe alisema.

Seremala na Dada Grisi wakamgeukia. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mumewe neno hilo.

"Spana nitanunua mimi, na Dada Grisi atanifundisha mimi. Anayepanda na mtoto ni mimi. Na nikikwambia kitu hakiko sawa, Baba Chiriku, usiniambie niende."