Ubeti wa Kuaga

Connie alikuwa na tabia ya kuzisomea kuta. Kila ubeti aliomaliza kuutafsiri kwa ajili ya kitabu chake aliusoma kwa sauti, akaacha nafasi ya kiitikio, akasikiliza kama unakaa sawa. Majirani wa mtaa wa Kimironko walishamzoea. Jumanne hiyo, saa tisa mchana, alipoacha nafasi, mtu akaitikia jikoni.

"Kirezi, nani kakufundisha?"

"Kunifundisha nini, mama?" Binti yake wa miaka saba alikuwa anakula ndizi.

Connie akacheka, cheko la kujikaza. Nyimbo zile, za karne nyingi, za kumsifu pepo wa kilima, alizirekodi kwa Mukecuru Xavérine, bibi kizee aliyezijua kwa moyo. Tafsiri ya ubeti ule alikuwa ameimaliza dakika ile; hakuna aliyewahi kuisikia. Kufika Alhamisi nyumba ilinuka siagi ya kienyeji, nyumba isiyopika kwa siagi. Kirezi hali, hachezi, anakaa kizingitini akiitikia kwa sauti nzito ya mwanamume mzee, na mikono yake ilikuwa baridi hivi kwamba mama yake aliishika, akaiachia, akaona aibu, akaishika tena. Aliogopa. Aliogopa kumpoteza mtoto wake wa pekee kwa sababu ya kitabu.

Mukecuru Xavérine alikuja na pikipiki, akaimba ubeti wa kumuaga pepo mara tatu. Kirezi akapiga miayo.

"Hataki," mukecuru akanong'ona. "Mimi naimba Kinyarwanda, wewe ulimwita na Kiswahili. Njia aliingia, ni ile atatoka. Tafsiri, mwana wanjye. Vuba, haraka!"

Connie akaandika, akisoma kila mstari anapoumaliza, shuka kichwani, shuka mabegani, tumekulisha, tumekusifu, na kwa kila mstari vidole vya Kirezi vilizidi kupata joto mkononi mwake, mpaka akafika mstari wa mwisho, akaganda. Mbebe uliyempanda, mwende zenu.

"Mukecuru, hapa ni nani anabebwa?"

"Zamani tulikuwa tunamuwekea mbuzi wa kupanda, mbele ya kumwita." Xavérine hakumtazama. "Sasa amekwisha panda mtoto."

Connie akaufunika mstari kwa kiganja. Akarukia kiitikio, akakisoma, akaacha nafasi.

Hakuna aliyeitikia. Kisha Kirezi akainua uso, na ile sauti ya mzee ikasema taratibu, kwa Kiswahili kilekile cha Connie:

"Umeruka mstari, mama."