Usiombe Maji

IJUMAA, ALASIRI

Chupa ilisimama juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wanaume wanne waliitazama kama mgonjwa.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mapazia. Majora ya kitambaa kizito yalipangwa ukuta kwa ukuta mpaka darini. Humo ungeweza kupiga yowe na aliye nje asigeuze shingo. Mjomba alikipenda kwa sababu hiyo hiyo.

"Nani ataniambia hii siyo yenyewe?" Mjomba aliuliza.

Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Jina lilimkaa kwa kuwa alipenda kuwashika watu mabega na kuwaita wanangu, hata wale aliokuwa karibu kuwavunja.

Shemeji aliinama akaikagua lebo, kisha nta nyekundu iliyoziba shingo. Huyu alikuwa shemeji wa kweli, kaka wa mke wa Mjomba, na mhudumu katika klabu waliyopanga kuiibia. "Mwaka jana nilibeba ya kweli kwa mikono hii," alisema. "Hii ni pacha wake."

"Na ndani?"

Wote wakamgeukia Pua.

Pua alikuwa mwonjaji. Alifanya kazi kiwanda cha vinywaji miaka mingi, hadi siku walipogundua kuwa ndiye anayetoa makreti usiku bila kuaga. Sasa matajiri walimwalika kwenye klabu zao awafundishe kuonja. Walimpigia makofi na hawakuuliza alikotoka.

"Ndani ni wiski ya bei poa," alisema Pua. "Sukari iliyounguzwa. Chai ya rangi kidogo. Vipande vya mbao ya pipa nimevichoma mwenyewe. Kwa pua ya mwanachama, inapita. Ila haivumilii maji."

"Sema Kiswahili."

"Wiski ya kweli ukiidondoshea maji, inafunguka. Harufu zilizojificha zinatoka moja moja. Hii yangu ukiidondoshea maji, inavuliwa nguo. Unabaki na spiriti na sukari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho nitawaambia wageni hii haiwekwi maji. Nitawaambia ni kuitukana. Watakubali. Mtu akivaa tai na kuongea taratibu, wanakubali."

Breki alicheka peke yake. Huyo alikuwa mdogo wake Pua, tumbo moja, na dereva wa genge. Walimwita Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiikanyaga.

Mpango ulikuwa mwepesi. Chupa moja ya wiski ya Uskoti, mchanganyiko wa miaka thelathini, ilikuwa imefika klabu kwa ajili ya wanachama. Breki hupeleka barafu pale kila Jumamosi. Asubuhi angemkabidhi Shemeji chupa ya uongo ndani ya boksi la barafu. Saa tisa Shemeji angetoa ya kweli kabatini, angezibadilisha kwenye korido, ya uongo iende ukumbini, ya kweli iingie kwenye barafu. Mnunuzi alikuwa anasubiri ng'ambo ya mji.

"Wewe utatoka na chupa," Mjomba alimwambia Shemeji. "Utasema unafuata barafu. Unapanda gari na sisi."

"Mimi? Si nitaonekana nimekimbia?"

"Nataka aliyeishika awe karibu nami."

Katika kazi iliyopita polisi walifika kabla yao. Genge likakuta geti limeshawekwa minyororo na taa zimewashwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemaliza sigara bila kutazamwa mkono.

Mjomba akaweka simu ndogo mbele ya Pua. "Hii itakaa mfukoni mwako, imepigwa. Mimi nitakuwa kwenye gari nasikiliza. Ukisema haitaki maji, najua yetu iko kwenye glasi na yao iko mapajani mwangu. Ukiomba maji..."

"Ujue kwenye glasi iko ya kweli," Pua alimalizia.

"Na kwamba kuna mtu ametuuza." Macho ya Mjomba yalizunguka meza. Yalikaa kwa Shemeji muda mrefu kuliko kwa wengine. "Nikisikia maji, wanangu, siulizi mara mbili."

Shemeji alimeza mate. Pua aliona. Akaliweka moyoni.

JUMAMOSI, ASUBUHI

Ndani ya gari la barafu kulikuwa na baridi na harufu ya mpira uliolowa. Pua alikuwa amewakataza wote manukato, sabuni ya kunukia na sigara. Siku ya kuonja pua haitaki wageni, hivyo ndivyo alivyosema tangu enzi za kiwandani, na ndugu yake alikuwa amechoka kuusikia wimbo huo.

"Kaka," Breki alisema, macho barabarani. "Leo usiombe maji."

"Nitaombaje? Dawa nimeichanganya mwenyewe."

"Hata iweje. Usiombe maji. Niahidi."

Pua alicheka. "Umeanza lini uoga?"

"Niahidi tu."

"Haya, haya. Nimekuahidi."

Walipita soko, wakapita kituo cha mafuta. Pua alimtazama mdogo wake kwa pembeni. Mama yao alipofariki, huyu hakuwa hata anafika kwenye usukani. Pua ndiye aliyemlea. Pua ndiye aliyemfundisha kuendesha. Na ni Pua huyo huyo aliyemshika mkono akampeleka kwa Mjomba, akisema kijana ana kipaji. Hilo lilimuuma kila siku, na kila siku alilinyamazisha.

"Hii ya mwisho," alisema. "Mjomba amesema tukimaliza tunatoka, mimi na wewe."

"Mwaka juzi pia alisema."

"Safari hii amenipa mkono."

"Yule hutoa mkono, kaka. Mtu haachii." Breki alikata kona bila kupunguza mwendo. "Kwa Mjomba hakuna kustaafu. Kuna jela na kuna makaburini. Mimi nikipewa nachagua jela, na wewe nakuchagulia uraiani."

"Acha utani. Mwangalie Shemeji leo. Jana alimeza mate."

"Mtu ana koo, ameze nini?" Breki alijibu. Hakucheka.

JUMAMOSI, SAA TISA

Ukumbi ulikuwa na zulia nene, viti vya ngozi na watu waliozoea kusubiriwa. Kila mgeni alikuwa na glasi mbele yake, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Katika meza ya dirishani alikaa mama mmoja wa miwani ambaye alikuwa ameshageuza glasi yake kifudifudi. Pua alijiuliza mtu anakuja kuonja ili iweje kama hanywi. Akaliweka hilo nalo moyoni.

Shemeji aliingia na sinia. Aliweka chupa. Hakumtazama Pua. "Nafuata barafu," alimnong'oneza mkubwa wake, akatoka. Muda si mrefu, injini anayoijua Pua iliunguruma nyuma ya jiko, ikaondoka. Simu mfukoni mwake ilikuwa na joto.

"Mabibi na mabwana," Pua alianza. "Wiski ya mchanganyiko ni ukoo. Ndani kuna za shayiri, kuna za nafaka nyingine, kila moja imelala kwenye pipa lake mpaka siku ya kukutanishwa. Mnaona hapa imeandikwa miaka thelathini? Humo ndani wamo wenye umri mkubwa zaidi. Lakini umri unaoandikwa ni wa mdogo wao. Mdogo akiwa na kasoro, wote wamekwisha."

Walicheka kwa adabu. Pua alikata nta.

Ilichanika vizuri. Vizuri mno. Nta aliyoiyeyusha yeye ilivunjika vipande kila alipoijaribu.

Alimimina. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akawaonyesha namna mafuta yanavyoteremka polepole ukutani mwa glasi. Kisha akaisogeza puani, mdomo wazi kidogo kama alivyowafundisha, akavuta pumzi fupi.

Asali. Ganda la chungwa lililokauka. Nyuma yake mbao nzee, zabibu kavu, ngozi ya kiatu kipya. Na mbali kabisa, kama moto uliozimwa nyumba ya pili, moshi.

Haikuwa yake. Hakuna chai duniani inayofanya hivyo.

Ya kweli ilikuwa hapa. Basi aliyonayo Mjomba ilikuwa ya uongo, na Shemeji hakubadilisha kitu. Kwa nini mtu asibadilishe, apande gari, aende nao kimya? Kwa sababu ameambiwa waende. Kwa sababu kuna polisi wanaowasubiri mbele. Na kwenye usukani alikuwa mdogo wake.

"Mtaalamu?" mzee mmoja aliuliza. "Mbona kimya? Ni nzuri?"

Alionja kidogo ili apate muda. Ilimjaa mdomoni, laini, ndefu, na aliichukia. Akaikumbuka ahadi ya asubuhi. Lakini Breki aliomba ahadi ile bila kujua. Breki hakujua kuwa Shemeji angewauza. Akinyamaza, mdogo wake anaingia mtegoni na Mjomba ubavuni. Akisema, Mjomba atageuza gari, na Shemeji atalipa. Pua alijua malipo ya Mjomba yakoje. Aliyajua na bado akachagua. Afe Shemeji. Yeye ana ndugu mmoja tu.

"Hii," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mfukoni, "inahitaji maji. Naomba maji."

Mama wa miwani alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka.

Mhudumu alileta jagi dogo. Pua alidondosha matone machache, mkono ukifanya kazi uliyozoea. Mama yule alikuwa ameshamfikia. Alimshika kiwiko kama jamaa wa siku nyingi, akatabasamu kwa ajili ya wageni, akamnong'oneza sikioni, chini mno kufika kwenye simu, kwa sauti ya ofisini.

"Kwa nini umesema maji?"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni polisi. Mdogo wako alituhakikishia hutaomba maji. Alisema amekuapisha."

Pua alimtazama bila kumwelewa.

"Alitufuata mwenyewe," mama alisema haraka. "Chupa tulizigeuza jana na leo asubuhi, sisi na meneja. Yako tuliiweka kabatini. Ya kweli ndiyo iliyokuja kwenye barafu. Shemeji yenu amebadilisha kama mlivyopanga, bila kujua anairudisha ya kweli mahali pake. Mdogo wako alitoa sharti moja tu. Utakachomimina hapa kiwe halali, usiwe na kesi. Sisi tulikuwa tunamfuata Mjomba mpaka kwa mnunuzi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema kaka yake anadanganya kwa ulimi tu, sura haijui. Mjomba angekusoma."

Pua alichomoa simu. Aliiweka sikioni.

"...nakuapia kwa dada yangu!" Ilikuwa sauti ya Shemeji, inalia. "Nimebadilisha! Nimetoa ya kwenye barafu nikaweka kwenye sinia, nikachukua ya kabatini. Unaua bure! Muulize aliyeniletea asubuhi!"

Injini tu. Kisha Mjomba, taratibu, kama anayeita mtoto mezani.

"Breki. Simamisha gari."

"Mjomba!" Pua alipiga kelele kwenye simu. "Mjomba, nimekosea! Haitaki maji! Ni yetu, nimekosea!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mama wa miwani alikuwa anaita magari kwa redio, anataja barabara, anataja tena.

"Umesikia, Breki? Kaka yako sasa anasema amekosea. Pua haikosei. Simamisha gari mwanangu, tuongee."

"Mjomba," alisema Breki, "jina langu unalijua."

Injini ilipanda. Shemeji aliomba Mungu. Kitu kililia mara moja, kikali na kifupi, na Pua alikuwa mhalifu wa muda mrefu asiyehitaji kuambiwa ni nini. Baadaye chuma kwa chuma. Vioo. Halafu honi, ndefu, isiyokatika, ya gari ambalo mtu ameliegemea usukani.

"Breki," Pua aliita. Kisha akamwita kwa jina alilopewa na mama yao, ambalo hakuna mtu wa genge aliyewahi kulisikia. Akaliita tena. Honi ikaendelea.

Mzee wa kiti cha mbele hakuwa ameelewa chochote. Alikuwa ameinama kwenye glasi ya mfano iliyoachwa mezani, anainusa kwa macho yaliyofumbwa.

"Mtaalamu alikuwa sahihi," aliwaambia wenzake. "Njooni mnuse. Maji yameifungua."

Na harufu ilikuwa imetoka kweli, ikamfikia Pua pale aliposimama, asali na chungwa na ule moshi wa mbali. Ilikuwa wiski bora kuliko zote alizowahi kuonja. Mama wa miwani alinyoosha mkono kuichukua simu, na Pua hakuiachia.