Breki ya Mwalimu Florence

Maji ya El Nino yalipopungua, kila nyumba kando ya Mto Tana ilikuwa na kitu cha kuosha tope. Nyumbani kwa Jefwa, nje kidogo ya Garsen, kitu hicho kilikuwa pikipiki kuukuu ya miaka ya sabini. Mkewe, Florence, aliirithi kwa marehemu baba yake. Mafuriko yaliifunika siku tisa.

Florence alikuwa mwalimu wa ngumbaro. Aliwafundisha watu wazima kusoma katika vijiji vitatu, na bila pikipiki asingefika. Aliiosha, akaipeleka mjini kwa fundi Dida, ikawaka tena. Tangu siku hiyo jina la Dida halikumtoka mdomoni.

"Dida anasema ndani ya breki ya mbele mna kutu," alisema asubuhi moja akimimina chai. "Anasema nibadilishe vipuri kabla ya kwenda mbali."

Dida anasema, Dida anasema! Jefwa alitafuna muhogo wake. Juzi alipita mjini, akawaona wawili hao wamechutama kando ya gurudumu. Florence alikuwa akicheka. Na kilichomchoma zaidi, walitaja majina ya vyuma ambavyo yeye, mwenye nyumba, hakuvijua.

"Breki nitaitengeneza mimi," alisema.

"Wewe, Baba Kadzo? Unaijua?"

"Kwani Dida alizaliwa na spana mkononi?"

Florence alipokwenda kuteka maji, Jefwa alifungua kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani. Mafuta yalikuwa yamepungua. Nyumbani mlikuwa na oili ya injini iliyobaki. Akaijaza hadi juu. Jefwa alijua kusoma, lakini hakuyatazama maandishi kwenye kifuniko. Mafuta ni mafuta, aliwaza. Akabonyeza leva ya breki, akaona imekaza.

"Iko sawa," alimwambia mkewe. "Huna haja ya kwenda mjini tena."

Kwa siku mbili breki ilishika. Siku ya tatu Florence alilalamika. Pikipiki ilikuwa nzito, na diski ya mbele ilikuwa ya moto.

"Ngoja nimwulize Dida."

"Humwulizi mtu! Leo tunakwenda pamoja."

Alitaka kuona kwa macho yake kama njia ile kweli inaishia darasani. Akapanda nyuma.

Walipokuwa wakishuka tuta, ng'ombe wengi walikuwa wakivuka barabara, na mchungaji katikati yao. Florence akabana breki ya mbele. Leva ikazama hadi mwisho, laini kama uji.

"Haishiki!" alipiga kelele.

Akakanyaga breki ya nyuma, gurudumu likaserereka. Akaona atamwua mtu. Akageuza usukani, wakaingia mzimamzima kwenye kichaka cha miiba ya mathenge.

Jefwa alitoka na miiba mgongoni. Florence alikaa chini akishika mkono wake wa kushoto, damu ikimtoka kwenye kiwiko. Hakulia. Alimgeukia mumewe.

"Ulitia nini kwenye kile kikopo?"

"Oili ya injini."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekwenda kumwuliza Dida."

"Namwuliza Dida kwa sababu nikimwuliza hakasiriki," alisema Florence.

Maneno hayo yalimwingia Jefwa kuliko ile miiba.

Walipita zahanati, mkono ukafungwa. Kisha Jefwa akaisukuma pikipiki hadi kwa Dida. Njia nzima wivu ulimla. Sasa atanicheka mbele ya mke wangu, aliwaza.

Dida hakucheka. Alichovya kidole kwenye kikopo, akanusa.

"Hii oili ya injini. Nani alitia?"

"Mimi," alisema Jefwa.

"Mshukuru Mungu, Baba Kadzo. Oili inavimbisha mipira ya breki. Mipira yote ya ndani ni ya kutupa sasa. Ya juu kwenye leva, na ya chini kwenye kalipa."

Jefwa aliinama karibu. "Kalipa ni nini?"

Dida akamwonyesha chuma kilichoishika diski pande zote mbili. "Ni hii. Ndani iko pistoni. Ukibonyeza leva, mafuta yanasukuma pistoni. Pistoni inasukuma pedi, na pedi inabana diski. Mpira ukivimba, pistoni inakwama, hairudi. Pedi inasugua tu. Diski inapata moto, mafuta yanachemka, yanafanya mapovu. Hapo leva inazama."

Vipuri viliagizwa Mombasa, vikaja na basi baada ya siku nne. Mkono wa Florence ulikuwa bado umefungwa, basi spana akaishika Jefwa. Kila Dida aliposema "Mwalimu," moyo ulimruka. Lakini mikono ilikuwa na kazi.

"Pitisha ukucha hapa," alisema Dida, akampa pistoni ya zamani. Ukucha ulikwama kwenye vishimo vya kutu. "Hii haifai tena. Inabadilishwa."

Waliiosha kalipa kwa mafuta mapya ya breki. Petroli Dida aliikataa kabisa. Jefwa akachovya mpira mpya kwenye mafuta hayo, akaulaza katika mfereji wake bila kuupinda. Kisha akaisukuma pistoni mpya kwa vidole gumba. Ikaenda upande. Akanyoosha mkono kuchukua nyundo.

"Hapana!" alisema Florence. "Itakata mpira. Itoe, uanze upya."

Akaanza upya, ikaingia. Wakabadilisha mipira ya kwenye leva, na paipu pia. Pedi zote mbili zikawa mpya, maana za zamani zilikuwa zimelowa oili.

Dida akampa Jefwa chupa mpya. "Soma."

"DOT 3," alisoma Jefwa.

"Na kifuniko cha kikopo?"

"DOT 3."

"Basi ni hii, si nyingine. Funga chupa kila mara, inavuta unyevu. Na usiimwage kwenye rangi, itababuka."

Ikabaki kutoa hewa. Dida alivisha kipaipu kwenye nati ndogo ya kalipa, ncha ya pili akaizamisha katika chupa yenye mafuta. Kisha akarudi nyuma.

"Kazi hii inataka watu wawili. Nyinyi hapo."

Florence akabonyeza leva kwa mkono wa kulia. "Nimeshika!"

Jefwa akafungua nati. Mapovu yakatoka. Akafunga. "Achia!"

Wakarudia mara nyingi, wakiongeza mafuta ili kikopo kisikauke, hadi mapovu yakaisha na leva ikakaza. Wakazungusha gurudumu, likazunguka jepesi. Wakabana breki, likasimama papo hapo. Hakuna tone lililovuja. Dida akaijaribu kwanza polepole, uwanjani.

Wivu wa Jefwa haukuisha siku ile. Lakini alianza kuuliza, na hakuna aliyemcheka.

Wiki mbili baadaye Florence alirudi kutoka darasani. "Ndama aliruka mbele yangu barabarani," alisema. "Nikasimama, nikamwacha apite."

Jefwa alizungusha gurudumu la mbele, akatazama mafuta kwenye kikopo. Yalikuwa safi.

"Kesho twende pamoja," alisema.

Florence akamkazia macho. "Kunichunga?"

"La, Mama Kadzo. Unifundishe kuendesha."