Kompyuta Isiyo na Feni

Kompyuta ile haikuwa na feni hata moja, kwa hiyo haikuwa na sababu yoyote ya kupumua. Fundi alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, maana ni yeye aliyeiunda, skrubu baada ya skrubu, juu ya meza ya kulia chakula. Ndiyo maana Jumapili ile alasiri, alipoinama nyuma ya televisheni kuchomeka waya na kusikia pumzi ikivutwa ndani ya kasha, polepole, kama ya mtu anayejiandaa kuongea, aliuachia waya akasimama wima.

"Vipi, imekung'ata?" aliuliza dada yake kutoka kwenye kochi.

"Hapana. Waya umelegea."

Huo ulikuwa uongo mdogo. Uongo mkubwa alikuwa ameshausema siku tatu kabla.

Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo; ukitaka kumsikia ilibidi usogeze kiti. Kwa miaka tisa Dada alimrekodi kwa kamera akipiga pasi sebuleni na kusimulia ukoo mzima: nani alimzaa nani, nani alinuniana na nani kwa ajili ya sufuria, nani aliangua kicheko msibani akasingizia kikohozi. Picha hizo zilikuwa kwenye diski moja, ndani ya kompyuta kuukuu iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Mama alionekana akifungua mdomo, lakini kilichosikika ni feni.

"Mwanangu," Baba alimwambia, "unawatengenezea watu kompyuta mji mzima. Nitengenezee na mimi moja isiyopiga kelele, nimsikie mke wangu."

Fundi akaingia kazini kwa moyo wote. Alichagua prosesa isiyokula umeme mwingi, akaifunika kwa pande la alumini lenye mapezi marefu ili ipoe yenyewe. Kifaa cha kuilisha umeme nacho kilikuwa bila feni. Diski alizikalisha juu ya vipande vya mpira zisitetemeshe kasha. Alipoiwasha mara ya kwanza, ilibidi aangalie taa kujua kama imewaka.

"Sasa hii ni kompyuta au kaburi?" Dada alimtania.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua mfumo endeshi, na hapo ndipo alipoponzeka. Wa kwanza, ule wa kulipia, ulikuwa na tabia ya kujizima na kujiwasha kila unapojisasisha. Ungemkatia Baba picha katikati. Wa pili ulikuwa wa bure, lakini sauti iligoma kufika kwenye televisheni. Wa tatu, mdogo, nao wa bure, ulitengenezwa kwa ajili ya kuangalia video tu: ukiwasha unakutana na orodha, unabonyeza rimoti, basi. Huo ndio alioutaka.

Kwenye ukuta wa duka lake kulikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: *Chomoa diski yenye vitu vya mteja kabla hujaweka mfumo.* Mwanafunzi aliyeisahau sheria hiyo alifukuzwa siku hiyohiyo. Kwa mfumo wa kwanza Fundi alichomoa diski ya Mama. Kwa wa pili akachomoa tena. Kwa wa tatu akazitazama zile skrubu nane, akaona uvivu. Diski mbili, ya mfumo na ya Mama, zilikuwa za aina moja, ukubwa mmoja. Skrini ikauliza: *Futa diski yote?* Akabonyeza ndiyo.

Baada ya dakika mbili aligundua kwamba aliyoifuta ni ya Mama. Siku mbili nzima alijifungia dukani akijaribu kurudisha vilivyofutika, akapata vipande vya rangi ya kijani na kijivu, visivyo na uso wala sauti. Nakala haikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema kwa miaka mitatu, "Nitatoa nakala kesho." Baba alipopiga simu kuuliza, Fundi akajibu, "Ziko salama, nazihamisha."

Ile Jumapili alikuja na uongo wa pili mfukoni: angesema umeme umepiga ukaiunguza diski. Lakini kabla hajafungua mdomo, Baba alishika rimoti akabonyeza.

Orodha ikatokea. Ndani yake kulikuwa na jina moja tu: *Mama*.

Diski ya Mama, tupu, ilikuwa dukani ndani ya droo. Katika kasha lile hakukuwa na kitu isipokuwa mfumo mpya. Baba akabonyeza tena, na Mama akatokea amesimama nyuma ya meza ya pasi, akatabasamu, akaanza kusimulia habari za shangazi aliyekuwa akificha sukari ndani ya kiatu. Kila neno lilisikika. Harufu ya kitambaa kibichi chini ya pasi ya moto ikajaa sebuleni.

Dada alilia. Baba alimshika Fundi mkono, akaubana. "Umetuletea mama yako," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu."

Na Fundi akasema, "Amina."

Wiki tano zilifuata, na kila siku ya wiki hizo alisifiwa. Majirani walikuja kuiona kompyuta inayonyamaza. Dada aliyezoea kumwita mvivu sasa alimwekea mnofu mkubwa kwenye sahani. Fundi alikula huku akitazama chini. Alipobaki peke yake alilichunguza lile jalada la *Mama*, na kila mara mfumo ulimwambia halina kitu ndani. Alichomoa waya wa mtandao. Mama akaendelea kusimulia. Hakuthubutu kumuuliza mtu, kwa sababu swali lolote lingeanza na kuungama.

Kisha simulizi zikaanza kubadilika. Mama alitaja watoto ambao ukoo haukuwa nao. Nyuma yake, pale palipokuwa na pazia la zamani, likaonekana pazia jipya ambalo Dada alilinunua baada ya mazishi. Baba alihamisha kiti kikawa hatua moja kutoka kwenye skrini. Chakula chake kiliondolewa jinsi kilivyoletwa, na shati lake likaanza kumpwaya.

"Baba, kula hata kidogo," Dada alimbembeleza.

"Shh. Anaongea."

Siku moja saa tisa mchana, Fundi alimkuta binti ya dada yake, mtoto wa miaka sita waliyemwita Chiriku kwa mdomo wake usiotulia, amesimama kimya mbele ya televisheni, kiganja chake kimebandikwa kwenye kioo.

"Unafanya nini hapo?"

"Bibi kaniambia nisogee," alinong'ona Chiriku. "Anasema huko kwake pana baridi. Mjomba, kwa nini Bibi hana meno ya chini?"

Fundi alimvuta mtoto, na kiganja kilitoka kwenye kioo kwa shida, kama kilichogandishwa kwa gundi, chekundu, chenye alama ya pembe tatu ya pasi, na mtoto hakulia, alikitazama tu kama kitu cha mwenzake, naye Fundi, akiwa amembeba, alisikia pumzi ile ikivutwa tena ndani ya kasha lisilo na kitu cha kuzunguka wala cha kuvuma, ndefu, ndefu mno kuliko kifua chochote cha binadamu, na juu ya kioo yule mwenye uso wa mama yake akaacha kupiga pasi, akaegemea mbele mpaka paji lake likajaza skrini nzima, akasema kwa ile sauti ndogo aliyoitengenezea ukimya wote huu ili isikike: "Usiwaambie, mwanangu. Ukinyamaza, nami nakaa."

Alimfungia mtoto kitambaa, akamwambia Dada kwamba Chiriku ameshika pasi. Halafu akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuza vifungo na nyuzi katika kibanda kando ya barabara. Alimsikiliza huku akipanga vifungo kwa rangi.

"Umeshawahi kumwambia mtu mwingine haya?"

"Hapana."

"Basi huyo jini hakuvunja mlango, baba. Umemfungulia. Mahali palipofutwa pakafichwa, wao hupaona kama nyumba isiyo na mwenyewe. Haogopi dawa yangu. Anaogopa maneno yako."

"Niende nikaichome tu hiyo kompyuta?"

"Ichome. Atahamia kwenye redio." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Sema mbele ya wale uliowadanganya, yeye akiwepo. Na asibaki mtu na neno moyoni. Nitakuja nawe, maana nakuona: ukifika mlangoni utageuka."

Ni kweli. Alipofika mlangoni aligeuka, na mganga akamshika kiwiko.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Dada alikuwa anakunja nguo. Kwenye skrini, Mama alikuwa akicheka.

"Baba. Dada." Sauti ilimtoka kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Niliifuta diski ya Mama. Mimi mwenyewe. Niliona uvivu kufungua skrubu nane. Hakuna kilichobaki, na huyo siye Mama. Chiriku hakushika pasi. Nilijua siku zote, nikanyamaza kwa sababu mlinisifu."

Kicheko kikakatika. Kitu kilichokuwa kwenye skrini kiligeuza kichwa, si kumtazama Fundi, bali kumtazama Baba, mdomo ukafunguka ukazidi kufunguka, sauti ndogo ikawa mlio, mlio ukawa mngurumo kama wa feni elfu zilizofungiwa ndani ya kasha moja, mapazia yakavutwa kuelekea televisheni, harufu ya pasi ikageuka ya nywele zinazoungua, na mganga, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepita kwenye upepo, akapaza sauti: "Kuna mwingine? Mwenye neno alitoe sasa hivi!"

Dada alilia kwamba hana neno, hana kitu. Baba alikaza macho kwenye skrini. Hakusema.

Kisha kioo kikawa cheusi. Lile pande la alumini lililia *tik*, likaanza kupoa.

Dada alisimama na shati lililokunjwa nusu mikononi. "Miaka tisa," alisema. "Nilikuwa nabeba kamera hata nikiwa na mimba." Akaliweka shati, akamchukua mtoto wake, akapita mbele ya Fundi bila kumgusa. Hiyo ilimuuma kuliko kofi. Mganga alipoondoka hakutaka malipo. Alimtazama Baba kwa muda, akamwambia Fundi chini kwa chini, "Zungumza na mzee wako," akaenda zake.

Fundi aliitoa kompyuta na televisheni siku hiyohiyo. Ukutani palibaki misumari miwili.

Kesho yake alasiri alimletea Baba uji. Alimkuta amekisogeza kiti mpaka magoti yanagusa ukuta, sikio ameliinamisha, na usoni ana tabasamu la mtu anayesimuliwa. Alipomwona mwanawe aliketi wima haraka.

"Unasikiliza nini, Baba?"

"Mimi? Sisikilizi kitu. Nilikuwa napumzika."

Alilisema upesi, macho pembeni, na Fundi akautambua upesi ule. Alikuwa ameuishi kwa wiki tano. Alijua pia neno la kusema: *Sema, Baba. Sema tu, hata kama ulijua siye Mama, hata kama ulimtaka hivyohivyo.* Neno lilimfika kooni. Lakini kwa uso gani? Mtu aliyemfuta mama angempa baba funzo gani la ukweli? Aliweka bakuli juu ya kigoda, akasema uji usipoe, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu.

Hakuwa amefika mwisho wa korido alipomsikia Baba akisogeza kiti.

"Ameshaondoka," mzee alinong'ona. "Haya, endelea."