Hodi ya Mpeleka Barua

Kosa la Mzee Hodi lilikuwa kugonga. Angepita tu, akaangalia, akarudi kwenye foleni alikomwacha binti yake, labda siku ile ingeisha kama siku nyingine. Lakini mtu aliyepeleka barua miaka ishirini na nane katika mitaa ileile hawezi kuuona mlango wa kijani wa fundi saa akaupita hivihivi. Mkono ulikwenda wenyewe. Ko-ko, kimya kidogo, ko. Mbili na moja, hodi yake ya zamani, ndiyo iliyompa jina hilo.

Fundi saa akafungua, akamkodolea macho, kisha akacheka na pengo lake la mbele.

"Mzee Hodi? Si walisema umeshatutoka?"

"Nani kasema?"

"Watu. Si unawajua watu."

"Basi waambie hicho ndicho kilichonileta mjini. Wastaafu wa posta tumeitwa makao makuu, kila mmoja aje kwa miguu yake waone kama bado anapumua. Asiyeonekana leo anaandikwa marehemu. Foleni ndefu, binti yangu kanishikia nafasi. Nikamwambia ngoja ninyooshe miguu, saa moja tu."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kilipokatika, kutoka mtaa wa pili wakasikia: ko-ko, kimya kidogo, ko.

"Nani huyo anakuiga?" fundi saa akauliza.

Mzee Hodi akageuza shingo kuutazama mtaa ule. Hodi ile hakuwahi kumfundisha mtu.

Akaaga, akaendelea kutembea. Mji ulikuwa umezeeka pamoja naye, na hilo lilimfurahisha. Duka la dawa lilikuwa na mizani yake ileile mlangoni. Sinema ilikuwa imegeuzwa ghala la magodoro. Tanuri la mikate lilikuwa bado likitoa harufu iliyomfanya, enzi hizo, achelewe kila siku kwa dakika tano. Alitembea polepole, kwa raha na huzuni, akiwaambia wapita njia kimoyomoyo, mimi ndiye niliyewaletea baba zenu habari zote.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni pake, wembe mkononi, akitazama kushoto na kulia.

"Kuna mtu kagonga," alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Mzee Hodi akamsalimu. Kinyozi akaitikia, lakini macho yake yalipita pembeni, akarudi ndani. Hapohapo mzee akahisi kitu cha baridi, chenye majimaji, kimemgusa kisogoni. Akajipangusa. Vidole vikatoka na rangi ya zambarau, na harufu aliyoijua kuliko harufu ya nyumbani kwake: wino wa muhuri.

Kila mlango alioukaribia ulikuwa umeshagongwa. Kila aliyefungua alimwona kidogo kuliko aliyetangulia, na kila mara kile kitu cha baridi kilimgusa tena. Akafika chini ya roshani ya mwalimu mstaafu, yule aliyekuwa akishusha kikapu kwa kamba ili atiliwe barua bila kuteremka. Kikapu kilikuwa kinaning'inia.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu akainama juu ya ukuta wa roshani, akatafuta kwa macho mahali sauti ilipotoka, kisha akavuta kikapu chake kitupu juu, harakaharaka, akafunga dirisha.

Ndipo akamwona anayegonga. Alimwona kwa nyuma tu, hatua thelathini mbele yake, amevaa kaki ya posta ya zamani, na begani ana mkoba wa ngozi ambao mkanda wake umeshonwa kwa uzi mweusi. Uzi ule Mzee Hodi aliushona mwenyewe. Aliyeuvaa mkoba akakata kona, akaingia nyumba ya manjano.

Na hapa lazima ukweli usemwe, maana yeye hakuwahi kuusema. Katika nyumba ile, ghorofa ya juu, aliishi mshonaji ambaye mumewe alikwenda kufanya kazi ng'ambo. Mzee Hodi, wakati huo akiwa kijana wa kujipangusa viatu mara mbili kwa siku, alimtaka. Mwanamke akamwambia, bila hata kumtukana, kwamba anachohitaji kutoka kwake ni barua tu. Basi barua akamnyima. Kila ilipokuja ya mumewe, aliipiga ule muhuri wa zambarau, MPOKEAJI AMEFARIKI, akiuzungusha kidogo kiganjani ili wino ushike, akairudisha ilikotoka. Barua saba. Na kila asubuhi mshonaji alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Leo kuna changu?"

"Bado, mama. Labda kesho."

Alikuwa akimwita mama kwa heshima zote, mwanaharamu yule. Miezi minane baadaye mshonaji alizikwa, naye akaomba barua za nyumba ile zipelekwe na mwenzake. Hakuikanyaga tena nyumba ya manjano hadi leo.

Angeweza kugeuka. Lakini aliutaka mkoba wake, au alitaka kuona uso wa aliyeuvaa, akaingia. Ngazi zilikuwa na giza la mchana, giza la nyumba zisizo na madirisha. Chini yake, mlangoni, alikaa jirani wa chini, mama mzee ambaye macho yake yalikwisha tangu enzi hizo.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Wa posta."

Bibi akauliza kwa kunong'ona, "Wewe una mwili?"

"Mama?"

"Maana huyo aliyepanda sasa hivi hana. Anapita kila siku. Ni yule wa chini ya ngazi."

"Yupi wa chini ya ngazi?"

"Jini, baba. Alikuwepo kabla ya nyumba. Mshonaji alikuwa akiongea naye. Mtu akikaa peke yake miezi minane, ataongea na yeyote anayemsikiliza." Bibi akasogeza kichwa karibu. "Mwisho alikuja msafiri mmoja kutoka ng'ambo kwa mumewe, kutoa pole ya msiba. Ana bahasha mkononi ina muhuri, ya saba kurudishwa. Akagonga, akafunguliwa na marehemu mwenyewe. Ndipo mshonaji akajua kwamba mumewe alishamlilia na kuoa mwingine. Hakula tena. Ila siku anakata roho alimwagiza huyo wa chini ya ngazi kitu kimoja, amrudishie mtu wa posta barua zake zote saba."

Mzee Hodi akahesabu. Kisogoni alikuwa ameguswa mara sita.

"Mama, mwambie nimekosa," akasema, "mwambie nilikuwa mjinga, mwambie nina binti ananisubiri." Na huku anasema akasikia viatu vya posta vikishuka ngazi bila haraka nyuma yake, na harufu ya wino ikajaa hadi puani na mdomoni, na baridi ile ikamkaa katikati ya kisogo, ikagandamiza, ikazungushwa kidogo, kwa ufundi, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiuzungusha muhuri.

Bibi akainua kichwa. "Wewe wa posta? Umeondoka bila kuaga?"

Mzee Hodi alimpigia kelele sikioni. Bibi akatikisa kichwa, akapapasa fimbo yake, akafunga mlango.

Akakimbia na miaka yake sabini, akipita kwa mwalimu na kwa kinyozi na penye tanuri ambalo sasa halikuwa na harufu yoyote, akipita katikati ya watu ambao hawakumpisha wala hawakumgonga, hadi makao makuu, hadi dirishani, ambako karani alikuwa akiita jina lake kwa mara ya tatu na binti yake akitazama mlangoni.

"Alisema saa moja tu," binti alikuwa akisema. "Nimekuja naye asubuhi. Tumekunywa chai pamoja."

Karani akafungua jalada, akaisoma karatasi ya juu. "Dada, hapa pameshapigwa muhuri wa marehemu." Akagusa karatasi, akatazama kidole chake. "Na wino bado mbichi."

"Mimi baba yako nipo," Mzee Hodi akasema. Hakuna aliyegeuka. Akapiga kioo cha dirisha. Ko-ko, ko.

Binti akashtuka, akatabasamu. Hodi ya baba yake angeijua popote. Akaketi kwenye benchi, akasema atamsubiri.

Ndilo jambo ambalo Mzee Hodi angetoa chochote kulifuta. Kwa sababu ya hodi ile, binti hakurudi nyumbani, siku ile wala wiki ile. Sasa ni mwezi wa tano anasubiri. Amekonda, nguo zinampwaya, lakini kila asubuhi yupo kwenye benchi, na baba yake kando yake, na kando ya baba yake yule wa kaki, mkoba magotini. Mzee ameapa asigonge tena. Lakini kila binti anapoanza kukata tamaa na kusimama aende zake, mwenye kaki hunyoosha mkono, akagonga kioo taratibu, mbili na moja, na binti huketi tena.

"Leo kuna habari za baba?" humuuliza karani.

Karani ni mtu mwema, hapendi kumvunja moyo.

"Bado, dada. Labda kesho."